Mto Luengera na Bonde Lake

Wasomaji wengi waujua mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Habari za Luengera, mto mdogo uuingiao karibu na Korogwe, ni wachache waziulizao. Nasi twaona si haki, maana bonde la mto huu ndilo ligawalo milima ya Usambara: mashariki iko Amani, magharibi Vuga na Lushoto.

Wasambaa wa kale walipambanua nchi mbili: Shambaai, yaani milimani penye mvua na migomba, na nyika, yaani nchi ya chini yenye joto. Nyika waliiogopa kwa ajili ya homa, wala hawakuwa wajinga. Mbu wako huko. Lakini hawakuiacha kabisa. Wengi walijenga karibu na ukingo wa mlima, wapate kulima juu na chini pia, kwani mvua ikikosekana huku, huenda ikapatikana kule.

Kimweri ye Nyumbai aliyetawala Vuga alikufa mwaka 1862. Baada yake Wakilindi walipigana wao kwa wao, na Wabondei wa mashariki wakawaasi.

Kisha reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukapandwa bondeni. Vibarua wakaletwa kutoka nchi za mbali, watu wasiojua habari za nyika wala za Shambaai. Hao ndio waliolala usiku mahali ambapo Msambaa alikuwa akipanda mlima kabla ya jua kuchwa.