Ganda la Zabibu ya Dodoma

Wagogo wa Dodoma walikuwa watu wa uwele, mtama na ng'ombe muda mrefu kabla mzabibu haujafika. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mapadre wa Kikatoliki wa Bihawana ndio waliopanda mizabibu miaka ya 1950, wakitafuta divai ya misa. Ikastawi. Ukame uleule unaochoma mahindi ulipunguza ukungu wa majani, na mkulima akapata mavuno mawili kwa mwaka. Gereza la Isanga nalo likalima, kisha vijiji kama Mpunguzi na Hombolo. Serikali ikaanzisha kiwanda cha divai cha DOWICO na kituo cha utafiti cha Makutupora. DOWICO ikafa, zabibu zikabaki.

Mbali na Dodoma, tunda hilohilo lilikuwa na historia nyingine. Mwaka 1939 Mjapani Michio Takaoka alitenga kemikali iitwayo resveratroli kutoka mmea wa porini. Mwaka 1992 ikabainika kuwamo ndani ya divai. Mzabibu huitengeneza ili kujikinga na ukungu, na huiweka hasa kwenye ganda. Ndiyo maana divai nyekundu, inayochachuka pamoja na maganda, huwa nayo zaidi kuliko nyeupe.

Kemikali hiyo imejaribiwa hata dhidi ya kiharusi. Kiharusi kikimpata mtu, mara nyingi damu iliyoganda huziba mshipa na seli za ubongo hukosa oksijeni. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba resveratroli ilipunguza madhara hayo kwa panya wa maabara.

Habari hiyo isimpeleke mtu baa. Lita moja ya divai nyekundu kwa kawaida ina miligramu chache tu za resveratroli, na mwili huivunjavunja haraka. Haijawa tiba rasmi ya kiharusi popote, na ulevi wenyewe huongeza hatari ya kiharusi.

Huko Dodoma, eneo la Kikuyu, katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, Chuo Kikuu cha St John's kimekuwapo tangu 2007 na kinafundisha famasia na uuguzi. Wanafunzi wake wana zao la utafiti mlangoni kwao. Sisi wengine tupime shinikizo la damu. Na mtu akipinda uso, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, apelekwe hospitali papo hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.