Rangi za Vita ya 1914 na Utulivu Wake

Wasikilizaji, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 hadi 1918, tumeizoea katika picha nyeusi na nyeupe. Hata hivyo zipo picha zake za rangi, wala si picha zilizopakwa rangi baadaye. Zilipigwa wakati ule ule, kwa ufundi wa ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, ulioanza kuuzwa mwaka 1907 kwa jina la Autochrome.

Ufundi huo ulitegemea viazi. Wanga wa viazi ulichujwa ukabaki chembe ndogo mno, zikatiwa rangi ya machungwa, ya kijani na ya zambarau, zikachanganywa na kutandazwa juu ya kioo. Mianya iliyobaki ilijazwa unga wa masizi, kisha ikapakwa dawa ya kunasa mwanga. Kila kioo kilitoa picha moja tu.

Lakini chembe hizo zilimeza sehemu kubwa ya mwanga. Hata penye jua kali ilimlazimu mpiga picha kungoja sekunde nzima au zaidi, na anayepigwa picha asitikisike. Je, ni vita gani inayomngoja mtu namna hiyo? Ndiyo maana Paul Castelnau na Fernand Cuville, waliofanya kazi katika idara ya picha ya jeshi la Ufaransa mwaka 1917, hawakutuachia shambulio wala mlipuko. Walituachia magofu ya mji wa Reims na askari walioketi.

Rangi hizo zina faida yake. Askari wa miguu wa Ufaransa waliingia vitani mwaka 1914 wamevaa suruali nyekundu, shabaha iliyo wazi kabisa. Mwaka uliofuata wakavikwa buluu hafifu. Picha nyeusi na nyeupe haiwezi kutueleza jambo hilo.

Mwezi Juni 1917, huko Saint-Ulrich, Castelnau alipiga picha ya askari Waafrika wakiwa wamepumzika. Anayeitazama aweza kudhani kwamba maisha yao vitani yalikuwa shwari. Huo ni utulivu uliodaiwa na kioo. Takriban askari 30,000 wa vikosi vyao hawakurudi makwao, na kwa maoni yangu yeyote anayeichapa picha hiyo bila kulitaja hilo anawapotosha wasomaji.

Vikosi hivyo viliitwa vya Wasenegali, ingawa askari wake walitoka pia katika nchi ambazo leo ni Mali, Guinea, Burkina Faso na nyinginezo. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, wapagazi wa makabila mengi waliochukuliwa na Waingereza katika vita hiyo hiyo waliwekwa chini ya jina moja la Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi chao ndilo hilo linalotamkwa kila siku sokoni Dar es Salaam: Kariakoo.