Monopoly ya Ghetto ya Theresienstadt, 1943

Ubao huu ulichorwa kwa mkono mwaka 1943 ndani ya ghetto ya Theresienstadt, mji wa ngome kaskazini mwa Prague ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi zaidi ya 140,000. Aliyeuchora ni msanii Oswald Pöck, mfungwa katika karakana ya michoro.

Tazama visanduku vyake kimoja kimoja. Monopoly ya kawaida, mchezo wa ubao wa kununua na kuuza mali, huuza mitaa ya mji. Hapa mchezaji hutua kwenye mabweni ya wafungwa, jikoni, ghalani, gerezani. Fedha ya mchezo ni krona za ghetto, noti zisizo na thamani yoyote nje ya kuta zile. Watoto walicheza, na huku wakicheza wakajifunza jinsi mahali walipofungiwa palivyoendeshwa. Kumpa mtoto mchezo mahali pa njaa kama pale lilikuwa tendo la ujasiri.

Septemba 1944 Pöck alisafirishwa hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, akauawa huko. Ndugu wawili, wavulana waliokuwa wakiucheza mchezo huu, walinusurika. Ubao ulikabidhiwa Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi kilichoko Jerusalem.

Karatasi na rangi huharibiwa na mwanga mkali: tafadhali zima mwanga wa kamera.