Orodha ya Marekani inayotuhusu sisi

Wasee, kuna orodha ya serikali ya Marekani ambayo kila mtu mwenye ndugu anayesomea udaktari anafaa kuijua. Ni orodha ya maeneo yaliyokosa madaktari.

Miaka ya 60, madaktari wa huko walikuwa wanakimbilia mijini. Mashambani unapata mzee mmoja anayekaribia kustaafu, ama hakuna kabisa. Bunge lao likapitisha sheria ya kupeleka madaktari huko, na Rais Nixon akaitia sahihi tarehe 31 Desemba 1970. Baadaye wakaweka kipimo: mkifika watu 3,500 kwa daktari mmoja, mnaingia kwenye orodha. Daktari akikubali kufanya kazi huko, serikali inamlipia karo au inamsaidia na mkopo wa chuo. Hapo sina neno. Hata Mandera na Turkana mpango kama huo ungewafaa sana.

Shida yangu ni mwaka 1994. Daktari mgeni aliyeenda kwa visa ya mafunzo alitakiwa kurudi kwao angalau miaka 2. Sheria mpya ikasema akifanya kazi miaka 3 kwenye eneo la ile orodha, si lazima arudi. Manze, yaani pengo la Kansas linaweza kuzibwa na mtu tuliyemsomesha kwa kodi yetu hapa Nairobi! Simlaumu yeye, kila mtu ana bili. Lakini waliopiga hesabu walihesabu wagonjwa wao tu. Mwanzoni kila jimbo liliruhusiwa madaktari 20 kwa mwaka. Siku hizi ni 30.