Samaki Aliyedhaniwa Kuwa Ametoweka

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza jinsi elimu iwezavyo kupotea kwa kukosa dawa ya kuhifadhia.

Tarehe 22 Desemba 1938, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho mjini East London, Afrika ya Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Kati yao alimwona mmoja wa buluu, mwenye magamba magumu na mapezi mfano wa miguu. Alitafuta mahali pa baridi pa kumweka, asipate. Na fomalini ilikuwa haba. Samaki akaanza kuoza, matumbo yakatupwa, ikabaki ngozi.

Mwezi wa Februari 1939 Bwana J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki, alimtambua kuwa wa jamii ya silakanthi, iliyodhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Lakini viungo vyake vya ndani vilikuwaje? Hapakuwa na wa kujibu.

Smith akatawanya karatasi zenye picha, akiahidi paundi 100. Ilimpasa kungoja hata Desemba 1952, mvuvi Ahmadi Abdallah alipomvua mwingine kisiwani Anjouan, katika Komoro. Kumbe wavuvi wa huko walikuwa wakimjua tangu zamani, wakimwita gombessa! Safari hii alitiwa chumvi, akadungwa fomalini, na wataalamu wakapata kuvichungua viungo vyake.

Basi twajifunza haya: kuona ni mwanzo, kuhifadhi ni kazi, na mwenye kutafuta elimu na amwulize mvuvi kwanza.