Okestra ya Simfonia ya Kimbangu

Okestra ya Simfonia ya Kimbangu (kwa Kifaransa: Orchestre Symphonique Kimbanguiste, kifupi OSK) ni okestra ya jijini Kinshasa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hupiga muziki wa klasiki wa Ulaya, na ina kwaya yake. Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Wapigaji na waimbaji kwa pamoja hufikia takriban 200, na wengi wao hupata riziki kwa kazi nyingine: wamo wachuuzi wa sokoni, mafundi umeme na vinyozi.

Asili

Jina latokana na Simon Kimbangu (1887-1951), mhubiri wa Nkamba katika Kongo ya Chini. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa mwaka 1921. Mwaka huohuo serikali ya Wabelgiji ilimkamata, akakaa gerezani Elisabethville (leo Lubumbashi) miaka 30 hadi alipofariki. Kanisa lililotokana na mahubiri yake lilikuwa na kwaya, bendi za matarumbeta na vikundi vya filimbi muda mrefu kabla ya okestra. Jambo hili lafaa kuzingatiwa, kwa sababu habari nyingi husimulia OSK kana kwamba ilichipuka jangwani. Watu wenye sikio la muziki na mazoea ya kufanya mazoezi kila jioni walikuwapo. Zilizokosekana ni fidla, selo na besi kubwa, pamoja na walimu wa kuzifundisha.

Diangienda ni mjukuu wa Kimbangu. Alikuwa rubani wa ndege, akapoteza kazi hiyo. Nchi, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa imetoka katika uporaji wa miaka 1991 na 1993, na Kinshasa ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu. Yeye mwenyewe alijifunza muziki kwa juhudi zake, bila kupitia chuo, kisha akawa mwalimu wa wenzake. Ndiye huongoza okestra kwa kijiti. (Cheo hicho katika lugha nyingi huitwa kondakta, lakini kwa Kiswahili neno hilo limeshachukuliwa na mabasi.)

Ala na mazoezi

Mwanzoni fidla zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Walipokezana: mmoja akipiga kwa dakika kadhaa, wengine wakisubiri zamu. Uzi wa fidla ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulitumika badala yake. Sauti ya waya huo haiwezi kuwa sawa na ya uzi halisi, lakini mwanafunzi aliweza kuendelea kujifunza mahali pa kuweka vidole, na hilo ndilo lililotakiwa. Albert Matubanza, mmoja wa wasimamizi wa okestra, alianza kuunda besi kubwa kwa mikono yake hapohapo Kinshasa. Kazi hii si ndogo. Ala za namna hiyo huunganishwa kwa gundi, na joto na unyevu wa bonde la mto Kongo hufumua viungo na kupinda mbao.

Nota zilinakiliwa kwa mkono. Katika simfonia, kila aina ya ala ina karatasi yake, na kiongozi peke yake ndiye huona sehemu zote kwa pamoja. Kwaya nyingi za Tanzania, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Dar es Salaam, zimezoea nota za solfa zinazoandikwa kwa herufi d, r, m. Nota hizo hutosha kwa sauti nne za kwaya, lakini mpiga ala wa okestra hulazimika kusoma nota za mistari mitano. Kwa hiyo mwimbaji hodari aliyehamia kwenye fidla alianza karibu upya.

Msimu na matamasha

Okestra kubwa za Berlin au London hutangaza mapema ratiba ya msimu mzima, kwa kawaida kuanzia Septemba hadi Juni au Julai, na tiketi huuzwa miezi mingi kabla. Ratiba kama hiyo husimama juu ya ukumbi wa kudumu na wanamuziki wanaolipwa. OSK ilikua bila vitu hivyo. Mazoezi yake hufanyika jioni baada ya kazi, na umeme ukikatika wapigaji huweza kuendelea gizani kwa kukumbuka.

Hali hiyo inaonekana katika filamu Kinshasa Symphony ya Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer, iliyotoka mwaka 2010. Filamu yafuatilia maandalizi ya tamasha la hadhara lililohusu Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kazi ya mwaka 1824 ambayo mwishoni huhitaji kwaya kubwa. Waimbaji, ambao mazungumzo yao ya kila siku ni Kilingala na Kifaransa, walilazimika kujifunza matamshi ya Kijerumani.

Baada ya filamu milango ilifunguka. Mwaka 2013 Diangienda alifanywa mwanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society ya Uingereza, na Septemba 2014 okestra ilizuru nchi hiyo, ikapiga London na Manchester. Diangienda hutunga pia. Kati ya kazi zake ni Mon identité, maana yake "Utambulisho wangu". Kazi kama hii yastahili kutajwa kuliko inavyotajwa, kwani wageni husifu zaidi Beethoven kupigwa na Waafrika kuliko Waafrika kutunga.

Afrika ya Mashariki

Jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, hufundisha ala za okestra kwa watoto wa Korogocho. Zanzibar fidla, selo na besi kubwa si ngeni hata kidogo: vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimezitumia miaka mingi. Tangu mwaka 2002 kisiwani humo kipo pia chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ambako fidla hufundishwa pamoja na ala za taarabu kama kanuni na udi.