Dume aliyeleta maziwa mengi na kupoteza ndama

Kwenye milima ya Masisi, kabla ya vita vya mwaka wa 1993, mtu alijulikana kwa ng'ombe wake. Walikuwepo Ankole wa pembe ndefu, na walikuwepo machotara waliozaliwa na madume ya Ulaya, kama Brune des Alpes na Frizoni. Maziwa yao yalitoa mashanza na fromaji iliyojulikana mbali na Kivu. Kisha vita vikaja, ng'ombe wakaporwa na kuchinjwa, na wengi waliokuwa wafugaji leo wanaishi kambini. Kila habari ya kurudi nyumbani inaposikika, swali ni hili: siku ya kununua ng'ombe tena, achukuliwe yupi? Wengi hujibu mara moja kwamba ni yule wa maziwa mengi. Marekani nao walijibu hivyo, na yaliyowapata yafaa kujulikana.

Zamani dume mmoja alipanda majike ya kijiji chake tu. Mwaka wa 1949, watafiti wa Uingereza waligundua kwamba mbegu za dume zikichanganywa na gliserini zinaweza kugandishwa kwa baridi kali bila kufa. Walianza na mbegu za jogoo, si za ng'ombe! Tangu hapo dume aliweza kuzaa nchi asizowahi kukanyaga, hata baada ya kufa kwake.

Ndivyo alivyopata jina dume mmoja wa aina ya Holstein, aliyezaliwa mwaka wa 1962 na kuitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikamuliwa maziwa mengi kuliko wenzao, basi kila mfugaji akataka mbegu yake. Alipata mabinti wapatao 16,000 na wajukuu wa kike wapatao 500,000. Mwaka wa 1944 ng'ombe wa Marekani alitoa kwa wastani kilo kama 2,000 za maziwa kwa mwaka. Kufikia 2007 alipita kilo 9,000. Chakula bora na matunzo vilisaidia, lakini damu ya madume kama Chief ilifanya kazi kubwa.

Wakati huohuo, majike yalianza kukawia kushika mimba. Sababu moja iko wazi kwa yeyote aliyechunga: jike akitoa maziwa kupita chakula anachokula, hukonda baada ya kuzaa, na mwili uliokonda hauonyeshi joto vizuri. Wachaguzi walitazama ndoo tu. Uzazi hawakuupa uzito.

Sababu ya pili ilijificha ndani ya damu ya Chief mwenyewe. Alikuwa na kasoro moja ya urithi isiyomdhuru yeye. Lakini jike na dume wenye kasoro hiyo wakikutana, mimba moja kati ya nne hupokea kasoro pande zote mbili, na ndama hufia tumboni. Kwa kuwa ukoo wake ulienea kila mahali, ndugu walipandana bila wenyewe kujua. Watafiti walikadiria mwaka wa 2016 kwamba mimba zaidi ya 500,000 zilipotea duniani kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kwa hesabu yao, faida ya maziwa ilipita hasara hiyo mara nyingi. Hiyo ni hesabu ya taifa zima. Mwenye ng'ombe mmoja, mimba ikiharibika, amepoteza ndama na maziwa ya mwaka.

Norvegia walishika njia nyingine. Tangu miaka ya 1970, dume wao alipimwa pia kwa uzazi wa mabinti zake na ugonjwa wa kiwele. Marekani iliingiza uzazi katika vipimo vyake mwaka wa 2003, na hali ikaanza kutengemaa.

Kwa Masisi, Ankole hatoi maziwa mengi, lakini amezoea majani ya mlimani na magonjwa ya hapo. Chotara wake na Frizoni hutoa zaidi, mradi ale vizuri. Aliye kambini hana karatasi za ukoo wa ng'ombe wake waliopotea, ila wazee wengi bado wanakumbuka ng'ombe gani alizaa kila mwaka. Mbele ya muuzaji, kabla ya kuuliza jike hutoa lita ngapi, yaulizwe haya: mama yake alizaa mara ngapi, alikaa muda gani kati ya ndama na ndama, na dume aliyempanda alitoka kundi gani.